"Usiguse" Si "Zima": Funzo kutoka Kerneli ya Linux

Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba kila sheria ina maisha mawili: yale iliyoandikiwa na yale inayotendewa. Mwanahistoria anayesoma maandishi peke yake hupotea njia. Mfano wangu leo, ndugu msomaji, hautoki bungeni wala mahakamani. Unatoka ndani ya kompyuta mpakato.

Desemba 1996, kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni ziitwazo ACPI. Kabla ya hapo, matumizi ya umeme katika kompyuta yalisimamiwa zaidi na bayosi, ile programu inayoamka kabla ya mfumo endeshi. Kanuni mpya ziliuhamishia mfumo endeshi madaraka hayo, lakini bayosi ikabaki na haki ya kuueleza, kwa njia ya majedwali, nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi. Kwa lugha ya siasa, ilikuwa katiba ya kugawana madaraka.

Moja ya mambo yaliyogawanywa ni ASPM, utaratibu unaoiruhusu njia ya PCI Express, inayobeba mawasiliano ya vifaa kama kadi ya mtandao na kadi ya picha, isinzie pale kifaa kinapokuwa hakina kazi. Kusinzia huko huokoa betri. Katika jedwali la bayosi ipo biti moja inayouambia mfumo endeshi usiuwashe utaratibu huo.

Toleo la Linux 2.6.38, lililotoka Machi 2011, liliitafsiri biti hiyo kwa ukamilifu wa mwanasheria mwaminifu: kama bayosi inasema ASPM haifai, basi na izimwe kila mahali. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikaanza kufuta mipangilio ya usinziaji hata pale ilipokuwa imewekwa na bayosi yenyewe. Hakuna kilichovunjika wala ujumbe wa kosa uliotokea. Kompyuta nyingi zilipata moto zaidi na kumaliza betri mapema, basi. Ni aina ya dhara ambalo raia hulibeba bila kujua ameonewa na nani.

Aliyelifichua ni Michael Larabel, mwanzilishi wa Phoronix, aliyepima umeme wa toleo baada ya toleo hadi, katikati ya mwaka 2011, akafika kwenye badiliko lenyewe. Watumiaji wakapata tiba ya muda: kuilazimisha kerneli iiwashe ASPM. Tiba hiyo nayo ilikuwa na hatari, kwa kuwa baadhi ya mashine zingeweza kuganda.

Novemba mwaka huohuo Matthew Garrett, mhandisi wa Red Hat wakati huo, alipendekeza usomaji mwingine. Aliupata katika maelezo ya Microsoft kuhusu namna Windows Vista inavyoshughulikia PCI Express. Ilionekana kwamba Windows isipokabidhiwa madaraka kamili na bayosi, haigusi chochote. Huiacha mipangilio kama ilivyoikuta. Biti ile, basi, haikumaanisha "zima". Ilimaanisha "usiguse". Marekebisho yake yaliingia katika Linux 3.3, Machi 2012.

Mimi naona mambo mawili hapa. Kwanza, kanuni zilikuwa wazi kwa kila mtu, lakini watengenezaji wa kompyuta walizijaribu mashine zao kwa Windows. Mazoea ya mwenye soko yakageuka kuwa tafsiri ya sheria, na aliyetii maandishi ndiye aliyeonekana mkosaji. Mataifa madogo yanayosaini mikataba iliyoandikwa na wakubwa yanaifahamu hali hii. Pili, kosa lenyewe lilikuwa la kuvunja mpango uliorithiwa kabla ya kuuliza kwa nini uliwekwa. Watawala wapya wengi wamefanya vivyo hivyo kwa nia njema kabisa.

Hata hivyo, kosa hili liliweza kusahihishwa kwa sababu kila badiliko la kerneli huhifadhiwa hadharani pamoja na tarehe na maelezo yake, na mtu asiye na cheo chochote katika mradi aliweza kulipima na kulionyesha. Natamani kumbukumbu za maamuzi ya serikali zetu zingekuwa hivyo, ili tunapohisi joto linapanda tuweze kurudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi siku lilipoanza.