Nikotini ya kawaida au ya chumvi: Mambo ya kupima kabla ya kubadilisha

WATUMIAJI wa sigara za kielektroniki nchini Uingereza wanaojichanganyia vimiminika vyao nyumbani hukabiliwa na uamuzi ambao kwa juu juu huonekana kuwa ni wa ladha tu: waendelee na nikotini ya kawaida, au wahamie ile inayoitwa nikotini ya chumvi.

Hata hivyo, uamuzi huo hugusa kiasi cha nikotini kinachoingia mwilini. Kwa mtu aliyeacha kuvuta tumbaku, unaweza kumsaidia adumu katika azma yake, au ukamrudisha kwenye pakiti ya sigara.

Kanuni zilizoanza kutumika nchini humo Mei 2016, kwa kufuata agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014, ziliweka ukomo wa miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita ya kimiminika, na kuagiza kwamba chupa ya kimiminika chenye nikotini isizidi mililita 10. Kutokana na hali hiyo, wauzaji wengi huuza chupa kubwa zenye ladha lakini zisizo na nikotini, pamoja na vichupa vya mililita 10 vyenye nikotini bila ladha, ili mnunuzi achanganye mwenyewe. Vichupa hivyo hupatikana katika aina zote mbili, na hapo ndipo swali linapozuka.

Tofauti iko kwenye asidi

Nikotini ya kawaida ni ile iliyosafishwa bila kuunganishwa na asidi yoyote. Kwa asili yake ni besi, na mvuke wake hukwaruza koo. Kadiri kiwango chake kinavyopanda ndivyo mkwaruzo unavyozidi, kiasi kwamba wengi hushindwa kuvuta kimiminika kikali bila kukohoa.

Nikotini ya chumvi haina uhusiano wowote na chumvi ya mezani. Ni nikotini ileile iliyounganishwa na asidi, kama vile asidi ya benzoiki, laktiki au levuliniki. Asidi hiyo hupunguza ubesi wa kimiminika, na mvuke wake hupita kooni kwa ulaini hata nikotini ikiwa nyingi.

Aina hii ilipata umaarufu mkubwa baada ya kampuni ya Pax Labs ya Marekani kuingiza sokoni kifaa cha JUUL mwaka 2015. Kimiminika chake kilitumia asidi ya benzoiki, na nchini Marekani kiliuzwa kikiwa na nikotini ya asilimia 5 kwa uzito, yaani takriban miligramu 59 kwa mililita. Kiwango hicho ni karibu mara tatu ya kile kinachoruhusiwa Uingereza.

Hesabu haibadiliki

Iwapo lebo inataja kiasi cha nikotini yenyewe, hesabu ya kuchanganya ni moja kwa aina zote mbili. Kichupa cha mililita 10 chenye miligramu 18 kwa mililita kina jumla ya miligramu 180. Kikimiminwa kwenye mililita 50 za kimiminika kisicho na nikotini, hupatikana mililita 60 zenye miligramu 3 kwa mililita.

Jambo la kuchunguza ni iwapo lebo inapima nikotini au inapima chumvi nzima pamoja na asidi yake. Katika chumvi iliyoundwa kwa sehemu sawa za nikotini na asidi ya benzoiki, nikotini huwa takriban asilimia 57 tu ya uzito. Miligramu 20 za chumvi hiyo ni sawa na kama miligramu 11 za nikotini. Asiyelijua hilo anaweza kupata mchanganyiko hafifu kuliko alivyokusudia.

Kifaa ndicho kipimo

Nikotini ya chumvi yenye kiwango cha juu hufaa vifaa vidogo vya nguvu ndogo, vinavyotoa mvuke kidogo na kuvutwa kama sigara. Vifaa vikubwa vinavyojaza mapafu mvuke hutumia kimiminika kingi, na kwa kawaida huhitaji kiwango cha chini.

Kwa mfano, mtu anayemaliza mililita 10 kwa siku zenye miligramu 3 hutumia kimiminika chenye jumla ya miligramu 30. Akijaza kifaa kilekile kimiminika cha miligramu 20 na kuendelea na mwendo uleule, jumla hiyo hupanda hadi miligramu 200. Kwa nikotini ya kawaida koo lingemzuia mapema. Kwa ile ya chumvi, bawabu huyo hayupo mlangoni.

Kwa sababu hiyo, kubadilisha kuna maana kwa mtu mwenye kifaa kidogo ambaye bado anatamani sigara, lakini koo lake halistahimili kiwango kinachomtosheleza. Anayetosheka na miligramu 3 katika kifaa kikubwa hana sababu kubwa ya kuhama. Vilevile, wapo waliozoea mkwaruzo wa sigara ambao huona ile ya chumvi haina uzito kooni. Hao wanaweza kuchanganya aina zote mbili, mradi wajumlishe nikotini ya kila upande.

Anayeamua kujaribu anashauriwa kutengeneza mililita 10 tu kwanza, kuanza na kiwango cha chini na kusubiri dakika kadhaa kati ya mivuto. Kichefuchefu, kizunguzungu, jasho na mapigo ya moyo kwenda kasi ni dalili kwamba nikotini imezidi. Aidha, si salama kujiongezea asidi nyumbani kwa kukisia.

Tahadhari kubwa zaidi huhusu kimiminika chenyewe kabla hakijapunguzwa makali. Nikotini hupenya kwenye ngozi, hivyo glovu ni za lazima, na kilichomwagika mwilini huoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni. Mtoto akinywa kimiminika hicho, hata kidogo, apelekwe hospitali bila kusubiri dalili. Nchini Marekani, sheria iliyotiwa saini Januari 2016 inalazimisha chupa hizo ziwe na vifuniko ambavyo watoto hawawezi kuvifungua kwa urahisi.

Aina zote mbili hujenga uraibu, na hakuna inayomfaa asiyewahi kuvuta sigara, mtoto wala mjamzito. Kwa anayehama kutoka aina moja kwenda nyingine, ulaini wa mvuke si ushahidi kwamba nikotini imepungua. Kipimo cha kuaminika ni namba iliyo kwenye lebo, pamoja na idadi ya mililita anazomaliza kila siku.