Kutoka Iguguno hadi Namfua: Jinsi Tulivyoifuata Timu Yetu ya Shule

Wana-Iguguno tunaoishi Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Arusha tukikutana kwenye harusi au msiba, hatuachani kabla ya kurudi kwenye habari moja: timu ya shule ya mwaka 1998. Mtu huanza kwa kuuliza fulani yuko wapi siku hizi. Chai haijapoa, watu wazima wenye vitambi wameshaanza kubishana kama mpira ule ulivuka mstari au haukuvuka. Kwa kuwa mwaka huu fungu la michezo limeingia kwenye makisio ya umoja wetu kwa mara ya kwanza, tumeombwa tuiandike historia hiyo. Tumeiandika kwa kukumbushana. Majina ya wachezaji hatukuyaweka. Wengi wapo, wengine wametangulia, na mtu wa nyumbani atajua tu nani ni nani.

Kwa watoto wetu waliozaliwa mijini inabidi kwanza tueleze UMISSETA inavyokwenda, maana wao wamezoea filamu za Marekani ambamo shule moja hucheza hadi fainali na wachezaji wale wale, jezi zile zile. Huku kwetu si hivyo. Shule hucheza na shule jirani, kisha zinakutana wilayani. Wilayani wanachaguliwa wachezaji wa kuunda kombaini ya wilaya. Kombaini za wilaya zikishindana mkoani, inachaguliwa timu ya mkoa, na hiyo ndiyo inayokwenda taifa. Kuna miaka ambayo hata mkoa haukwenda peke yake, ulichanganywa na jirani zake kuwa timu ya kanda. Kwa hiyo timu ya shule ikifanya vizuri inapungua. Mnaanza wachezaji kumi na wanane na kijiji kizima nyuma yenu, na mkifika juu mnamfuata mtoto mmoja.

Mwaka 1998 barabara zilikuwa bado zina makovu ya mvua za El Niño. Lami ya Singida hadi Shelui ilikuwa ndoto. Mkalama haikuwa wilaya. Tulikuwa Iramba, na mashindano ya wilaya yalichezwa Kiomboi. Ulipanda lori Iguguno hadi Misigiri, ndipo unakata kuelekea Kiomboi. Timu yetu ilipakiwa kwenye lori la mfanyabiashara wa alizeti lililokuwa linakwenda bila mzigo, na utingo alitudai tuimbe njia nzima kama nauli. Tuliimba.

Jezi zilikuwa seti moja ya njano iliyopauka. Namba alizishona fundi wa pale sokoni kwa vitambaa vya sare kuukuu, na ile tisa aliishona kichwa chini, tukawa na sita wawili. Mwamuzi wa mechi ya kwanza alisimamisha mchezo akataka maelezo. Njumu walikuwa nazo wanne tu. Wengine walivaa raba, na beki wetu wa kati alicheza miguu mitupu kwa hiari yake, akisema viatu vinamziba masikio. Hatukuwahi kumwelewa, ila alikuwa beki.

Nauli ya kurudi na chakula cha kambi vilitokana na michango. Mwalimu wa michezo alipita mnadani na daftari la kurasa 48. Daftari hilo tunalo mpaka leo, limehifadhiwa na mmoja wetu. Sisi wenye kazi ya hesabu tungelikataa kulikagua: kwenye safu ya fedha kuna majogoo saba, mitetea mitatu, debe la uwele, karanga kibaba kimoja, na mstari mmoja umeandikwa “ahadi”. Ahadi hiyo haijalipwa. Mwenyewe huja kwenye mikutano yetu mikuu na hukaa mstari wa mbele.

Kiomboi tulilala madarasani, madawati yameunganishwa yakawa vitanda, tukala ugali na maharage asubuhi ikiwa baridi na upepo wa Juni unapuliza vumbi hadi kwenye sahani. Fitina kubwa ilikuwa ya mamluki, yaani wachezaji wasio wanafunzi. Shule moja ilikuja na mshambuliaji mwenye ndevu kamili. Tulimlalamikia, wao wakajibu kwa kumlalamikia beki wetu wa miguu mitupu. Yeye alikuwa mwanafunzi halali kabisa, ila alianza darasa la kwanza amechelewa kwa sababu ya kuchunga ng’ombe. Umri wake ulitosha kuoa. Barua za walimu wakuu zikatolewa mifukoni, zikasomwa kwa sauti chini ya mti, na mwisho wa yote wachezaji wote wawili wakaruhusiwa. Tunakiri leo, baada ya miaka hii yote, kwamba yule mwenye ndevu huenda naye alikuwa mchungaji kama wa kwetu.

Fainali ya wilaya tulifungwa bao moja bila, bao lile lenye ubishi. Kipa wetu aliudaka mpira akaanguka nao nyuma. Mshika kibendera alikuwa ameinama akitoa mwiba mguuni. Nusu ya waandishi wa makala hii wanasema ulivuka. Tumeshindwa kupata kauli moja na tumeamua kuliacha.

Asubuhi yake ndipo ikasomwa orodha ya kombaini ya Iramba. Watano walikuwa wa kwetu. Waliosomwa walibaki Kiomboi kambini, wasiosomwa wakapanda lori. Tulikuja kumi na wanane tukiimba, tukarudi kumi na watatu, na utingo yule yule hakutudai wimbo. Jambo hili hatukulizungumza kwa miaka mingi. Kushindwa fainali kulisahaulika haraka kuliko kule kukaa kwenye lori ukihesabu nafasi tano zilizo wazi, ukijua kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyewapigia pasi.

Hata hivyo tuliwafuata. Mashindano ya mkoa yalipoanza Singida mjini, kundi letu liliondoka Iguguno kwa baiskeli kabla ya jua kuchomoza, wawili wawili kila baiskeli, tukipokezana kupiga pedali. Wengi tulikuwa hatujawahi kuingia kwenye uwanja wenye ukuta. Namfua ilituzidi kimo. Tulikaa upande wa jua kwa sababu upande wa kivuli ulikuwa na wenyewe. Mkoa wakati huo ulikuwa na Singida Mjini, Singida Vijijini, Manyoni na sisi Iramba. Kombaini yetu ilipotoka, tulipiga kelele “Iguguno!” na papo hapo upande wa pili wakapiga kelele “Ndago!”, na wengine “Kiomboi!”, wote tukiishangilia timu moja. Ilichukua mechi mbili mpaka tukajifunza kusema “Iramba”. Katika wale wetu watano, wawili walianza, watatu walikaa benchi. Tuliwatazama wa benchi kuliko wa uwanjani, kuona kama wamekunja nyuso.

Waliochaguliwa kwenda mbele kutoka kwetu alikuwa mmoja, winga wetu wa kushoto. Daftari likafunguliwa tena. Akanunuliwa njumu za mtumba, akaazimwa tranka na mama mmoja wa kwaya, akapewa shuka mpya. Akaondoka.

Hapo ndipo kumfuata kulipokuwa kugumu. Mwezi ule redio ilikuwa imejaa Kombe la Dunia la Ufaransa. Tulikaa karibu na redio ya dukani tukisubiri neno moja kuhusu mashindano ya shule, tukapata habari za Brazil. Matokeo ya kijana wetu tuliyapata aliporudi mwenyewe, siku kadhaa baadaye, amevaa traksuti aliyopewa kambini. Traksuti ile aliivaa kanisani, mnadani na shambani mpaka ikaisha magotini. Alituambia alicheza dakika ishirini katika mechi moja. Alizisimulia kwa jioni tatu.

Tungependa kuandika kwamba kutoka hapo mlango ulifunguka. Haukufunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa nchini, na yalirudi katika nusu ya pili ya muongo ule. Kwenye vitabu vya historia ni miaka michache tu. Kijijini ni kizazi kizima cha sekondari kilichoingia kidato cha kwanza na kutoka cha nne bila kupanda lori la Kiomboi hata mara moja. Winga wetu alikuwa na mdogo wake. Wote tuliocheza na kaka yake tunakubaliana, na hili halina ubishi kama la mstari, kwamba mdogo alikuwa bora kuliko sisi sote. Alicheza ndondo, zawadi ikiwa mbuzi. Hakuna mtu wa wilaya aliyewahi kukaa na kalamu kumtazama akicheza. Leo anauza vitunguu na kuku barabarani pale kituoni, na jioni huwafundisha mpira wanafunzi bila malipo, kwenye uwanja wenye mteremko unaojulikana na wote: kipindi cha kwanza unapanda, cha pili unashuka.

Tangu wakati huo mambo mengi yamebadilika. Shule za kata zimeongeza idadi ya wachezaji. Mwaka 2012 Mkalama ilikatwa kutoka Iramba, na sasa vijana wetu wanakwenda Nduguti badala ya Kiomboi. Wakati ule wengi walilalamikia mgawanyo huo kwa sababu nyingine, lakini kwa mpira hesabu iko wazi: palipokuwa na kombaini moja sasa zipo mbili, kwa hiyo nafasi za ngazi ya wilaya zimeongezeka maradufu. Tatizo limehamia juu. Mkoa wa Singida sasa una halmashauri 7. Kikosi cha wachezaji 20 ukikigawa sawa, hakifiki watatu kwa kila halmashauri, na hakuna anayekigawa sawa. Namfua nayo imebadilishwa jina na kuitwa Liti. Pale ndipo Singida United ilipochezea Ligi Kuu ilipopanda msimu wa 2017/18, msimu ambao pia ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Mtibwa Sugar 3–2. Baadhi yetu tulikwenda Arusha kuiangalia fainali hiyo. Tulirudi tumenyamaza, tukijua kunyamaza huko tulikujifunzia wapi.

Kuhusu fedha, tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 mzazi hadaiwi tena mchango wa shule, jambo ambalo limewaingiza darasani watoto wengi waliokuwa wanabaki nyumbani. Serikali hutoa ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa kuwa Sh 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Kabla mkuu wa shule hajafika kwenye mpira wa miguu kuna vitabu, chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Sisi tunaozoea kugawa fedha kidogo kwenye mafungu mengi hatumlaumu. Daftari la majogoo halipo tena, na hakuna kilichokaa mahali pake.

Jambo lililotufanya tulete hoja hii kwenye kamati lilitokea jirani tu. Aprili 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule ya CAF kule Durban, Afrika Kusini, na zawadi ya bingwa ilikuwa dola 300,000. Walikwenda kama shule, siyo kombaini. Miezi sita kabla, Oktoba 2022, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17 ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India baada ya kuifunga Ufaransa 2–1. Mwaka 1998 msichana wa Iguguno aliyegusa mpira wa miguu aliambiwa akacheze netiboli. Tuliosema hivyo ni sisi. Sasa mabinti zetu wana timu, nao wanafundishwa na yule yule muuza vitunguu. Wanagawana na wavulana mipira miwili, mmoja ukiwa umeshonwa.

Fungu tunaloomba limeandikwa kwenye makisio yaliyo ukurasa wa nyuma wa kijarida hiki: kusawazisha uwanja, mipira na njumu kwa timu mbili, usafiri wa kwenda na kurudi Nduguti, na posho ndogo ya kocha, ambaye bado hajaambiwa kwa kuwa tunajua atakataa. Usafiri tumeukisia kwa gari moja kubwa badala ya madogo mawili. Si kwa sababu ya bei tu. Tumetaka watakaochaguliwa kombaini warudi kwanza nyumbani na wenzao, walale kwao, kisha waende kambini kesho yake. Hilo linaongeza safari moja, na mweka hazina ameshatuuliza kwa nini. Tumemwambia akamuulize yeyote kati ya wale kumi na watatu.

Michango inapokewa kwa namba za umoja wetu zilizo kwenye jalada. Majogoo pia yanapokewa, yatathaminiwa kwa bei ya siku hiyo pale kituoni. Na yule ndugu wa ahadi ya 1998, ukurasa wako bado uko wazi.