Ranger, mjuzi wa pori asiye na kazi

Jamani, hili kosa sisi waandishi wa programu tunalijua. Ranger ni mjuzi wa pori katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza; alizaliwa 1975 katika jarida la The Strategic Review. Toleo la 2014 lilimtaka achague aina ya mazingira. Mimi nilichagua msitu, hadithi ikatupeleka jangwani: nikawa msindikizaji tu! Na hata msituni, kundi halipotei ila kwa uchawi, chakula hupatikana maradufu. Yaani sharti likitimia, safari inafutwa. Lisipotimia, hakuna kitu.

Baada ya majaribio ya 2015 na 2016, kitabu cha Tasha cha 2020 kilimpa kupanda na kuogelea popote. 2024 akarekebishwa tena. Amepona, lakini kusafiri porini kwenyewe, naona, bado hakuna mchezo.