Nguo ya Kilwa: Kinga ya Jua na Alama ya Cheo

Habari za kale za Kilwa, zilizoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, zasema kuwa kisiwa hicho kilinunuliwa kwa nguo. Mtawala wa bara alikubali kukitoa kwa sharti kwamba mgeni wake wa Kishirazi akizungushie nguo pande zote, naye mgeni akatimiza sharti kwa nguo nyeusi, nyeupe na za rangi nyinginezo. Sultani wa kwanza, Ali bin al-Husain, hata leo akumbukwa kwa lakabu yake ya Kiswahili, Nguo Nyingi. Kisa hiki kiwe kweli au kiwe ngano, chazusha swali: watu wa nchi ya joto walitakia nini nguo kiasi hicho?

Jibu lafaa lianzie mbali, kwa Wainuit wa kaskazini ya dunia, ambako nguo ni uhai. Hao walivaa majoho mawili ya ngozi ya kulungu wa nchi za barafu. Manyoya ya joho la ndani yalielekea mwilini, ya joho la nje yalielekea upepo. Unywele wa mnyama huyo una hewa ndani yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Makoti ya siku hizi yaliyojazwa manyoya laini ya bata au nyuzi za viwandani yafuata kanuni iyo hiyo. Pamba huko ni adui, kwani ikilowa jasho hushika maji, na maji yakikauka huondoka na joto la mwili. Basi tabia ile ile imuuayo msafiri wa barafuni ndiyo iliyomfaa mtu wa Kilwa. Ila wakati wa kaskazi hewa ya pwani hujaa unyevu na jasho hukauka kwa shida. Hapana budi upepo upite kati ya ngozi na kitambaa.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwamo katika merikebu za Wareno waliouteka mji mwezi wa Julai 1505, aliandika kuwa mabwana wa Kilwa walivaa shuka mbili za pamba: moja toka kiunoni hadi miguuni, ya pili mabegani, ikishuka mpaka pale ya kwanza ilipofungwa. Vazi la namna hiyo halibani mwili, na bega lililofunikwa halichomwi na jua. Pamba yenyewe, asema, ilistawi kisiwani. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, aliona vigae vya mviringo vyenye tundu katikati, vilivyotumika kusokotea nyuzi.

Lakini Mayr aliandika na jambo jingine, ambalo sisi tuisifuo fahari ya Kilwa hupenda kuliruka. Watumwa walikuwa na kitambaa kimoja tu, toka kiunoni hadi magotini. Mwili uliosalia ulikuwa wazi. Aliyeketi barazani kivulini alikuwa na shuka ya mabegani, na aliyetumwa juani hakuwa nayo. Kama nguo ingaligawiwa kwa kadiri ya haja ya mwili, mambo yangalikuwa kinyume. Ibn Battuta naye, aliyefika Kilwa mwaka 1331, asimulia kuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman alimvulia fakiri wa Yemeni nguo alizokuwa amevaa, na mwana wa Sultani akazikomboa kwa watumwa kumi. Msimulizi ausifu ukarimu. Mimi, kila nisomapo habari hiyo, hukomea kwenye bei: vazi la mtu mmoja, watu kumi.

Baadaye pamba ilirudi katika nchi hii kwa sura nyingine. Chini ya utawala wa Kijerumani, watu wa vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa, walilazimishwa kuilima ili ipelekwe ng'ambo ikavishe wengine. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete, waliing'oa miche yake shambani, na Vita vya Maji Maji vikaanza.