Miwati ya Njombe na Nyuzi za Ngozi

Ngozi mbichi huoza, na ikikauka hukakamaa. Magome ya mwati yana tanini, kemikali inayozuia yote mawili, na ndiyo sababu mti huu wenye asili ya Australia ulipandwa Njombe, kusini mwa Tanzania. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha mashamba kwenye nyanda za huko zenye baridi na mvua, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo ilipotokea kampuni ya Tanganyika Wattle, maarufu kama TANWAT. Mti hukatwa ukiwa na miaka kama minane hadi kumi. Magome hubanduliwa yangali mabichi, hukatwakatwa na kulowekwa katika maji ya moto, kisha maji hayo huvukizwa hadi ibaki tanini.

Watengeneza ngozi walijua kazi ya magome karne nyingi kabla ya yeyote kujua yanachokifanya ndani ya ngozi. Jibu lilitoka kwenye eksirei. Miaka ya 1954 na 1955, huko Madras, India, wanasayansi G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha walionyesha kuwa kolajeni, protini kuu ya ngozi, ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja kama kamba. Tanini hushikamana na minyororo hiyo, na ngozi huhimili joto kali zaidi kabla ya kusinyaa.

Lakini kwa kuchunguza mpangilio wa nyuzi kwa undani zaidi, eksirei za kawaida zilikuwa hafifu mno. Mwaka 1970, mjini Hamburg, wanasayansi Rosenbaum, Holmes na Witz walitumia mionzi ya sinkrotroni, mtambo unaozungusha elektroni kwa kasi kubwa, kupiga picha ya msuli wa mdudu wa majini. Njia iliyozaliwa kwa ajili ya msuli ikafaa kolajeni pia. Mwaka 2011 watafiti wa New Zealand, wakitumia sinkrotroni ya Australia, walionyesha kuwa ngozi iliyotengenezwa huwa imara zaidi nyuzi zake zikilala sambamba na uso wake.

Kufikia wakati huo viwanda vingi vya ngozi duniani vilikuwa vimeacha magome na kuhamia kwenye chumvi za kromu, zinazofanya kwa siku chache kazi ambayo magome huifanya kwa majuma. TANWAT nayo ilikuwa imeongeza misonobari na chai, na kuni za mashamba yake zilikuwa zikiendesha mtambo wa umeme wa megawati 2.5.