Kibao cha shingoni na daraja la Trefechan

Aberystwyth ni mji mdogo wa baharini, magharibi mwa Wales, na upepo wake haukuombi ruhusa. Wageni wengi huenda kupiga picha magofu ya ngome ambayo mfalme Edward I alianza kujenga 1277, kisha lile jengo la kwanza la chuo kikuu. Kumbe lilikuwa hoteli! Thomas Savin, tajiri wa reli, aliijengea watalii, akafilisika 1866. Waliokuwa wakitafutia Wales chuo wakainunua kwa pauni 10,000, wakafungua 1872 na wanafunzi 26. Pesa za kukiendesha zilichangwa hadi makanisani, senti za watu wa kawaida. Harambee kabisa. Mimi niliyeacha chuo sababu ya karo, hapo nilisimama kidogo.

Lakini masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Na katika shule nyingi za Wales za karne hiyo, mtoto akinaswa akiongea Kiwelisi alivishwa kibao shingoni, kimeandikwa W.N. Kinapitishwa kwa atakayenaswa baadaye, na anayebaki nacho jioni anachapwa. Si mnaijua hiyo? Sisi tuliiita diski. Mimi niliivaa kwa kuongea Kiswahili, hiki hiki mnachosoma.

Ndio maana daraja la Trefechan, pale mto unapokaribia bahari, lilinigusa kuliko ngome. Tarehe 2 Februari 1963 vijana, wengi wao wanafunzi, walibandika mabango kwenye posta ya mji wakitaka kukamatwa, ili wadai samansi za korti kwa Kiwelisi. Polisi wakawapuuza. Basi baadhi yao wakaenda kukaa katikati ya daraja, kwenye baridi kali, magari yakakwama. Bado hakuna aliyeshtakiwa! Manze, hebu fikiria maandamano ambayo shida yake ni polisi kukataa kukukamata. Kwetu hiyo ni ndoto.

Ila picha zilifika magazetini. Sheria ya 1967 ikapanua nafasi ya Kiwelisi kortini, na 2011 kikatambuliwa kuwa lugha rasmi Wales. Sasa vibao vya barabara mjini vina lugha mbili. Hata hivyo sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji 538,000 hivi, wachache kuliko 2011. Vita bado. Kwetu Kiswahili ni lugha rasmi tangu katiba ya 2010, na kuna shule ambako diski bado inazunguka.