Ujamaa Ughaibuni: Bweni Lililochukua Neno Letu

Katika mji wa Ithaca, jimbo la New York, Chuo Kikuu cha Cornell kina bweni liitwalo Ujamaa. Msomaji wa pwani hahitaji mkalimani wa jina hilo. La kuulizwa ni namna neno letu lilivyofika kwenye nchi ya theluji, na linawafaa nini wanaolala chini ya kivuli chake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi Weusi wa Cornell walikuwa wa kuhesabika. Rais wa chuo, James Perkins, alianzisha mpango wa kuwaongeza, na hadi 1969 walikuwa kiasi cha 250. Lakini kupokewa chuoni si kukaribishwa. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1969, msalaba ulichomwa moto mbele ya Wari House, nyumba ya wanafunzi wa kike Weusi. Alfajiri ya pili yake, wanafunzi Weusi waliliteka jengo la Willard Straight. Walipotoka tarehe 20, baadhi yao walikuwa na bunduki mikononi, na picha yao ikazunguka dunia. Mwaka huohuo kilianzishwa kituo cha masomo ya Kiafrika chini ya James Turner. Tarehe 1 Aprili 1970 jengo lake nalo likateketezwa kwa moto. Ni baada ya hayo yote, mwaka 1972, ndipo bweni la Ujamaa lilipozaliwa.

Aliyewashiwa moto mlangoni hatafuti anasa ya kujitenga. Atafuta pahali pa kulaza ubavu bila hofu.

Jina nalo lina safari yake. Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika juu ya ujamaa mwaka 1962, na Azimio la Arusha la 1967 likalieneza neno hilo ulimwenguni. Huko Marekani, Maulana Karenga alipoanzisha Kwanzaa mwaka 1966, aliufanya Ujamaa kuwa nguzo ya nne katika Nguzo Saba. Wahenga wa wanafunzi wale, kwa wingi wao, walisafirishwa kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, si kutoka mwambao wetu. Kiswahili basi hawakukirithi. Walikichagua, kwa kuwa hakikuwa mali ya kabila moja.

Wapo waliolipinga wazo la makazi ya namna hii, wala si Wazungu peke yao. Kenneth Clark, mwanasaikolojia Mweusi ambaye utafiti wake ulitajwa katika hukumu ya 1954 iliyobatilisha utengano mashuleni, alijiuzulu kutoka bodi ya Chuo cha Antioch mwaka 1969 kwa kupinga mpango wa masomo uliokuwa wa Weusi watupu. Hoja yake haikuwa nyepesi: je, ukuta uliobomolewa kwa mahakama, ujengwe upya kwa mikono ya walioumizwa nao? Kuhusu Ujamaa, jibu limo mlangoni mwake. Bweni hilo limewekwa kwa ajili ya historia na utamaduni wa watu Weusi, lakini halimfungii nje mwanafunzi wa rangi nyingine, na anayeingia huingia kwa kupenda.

Hapo kwenye kupenda ndipo hadithi yao inapogusana na yetu. Miaka ileile bweni lilipokuwa changa, Tanzania Bara ilikuwa katika Operesheni Vijiji. Mwalimu alikuwa amefundisha kwamba ujamaa ni hiari. Lakini tangu 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine kwa nguvu, nyumba walizozaliwa wakiziacha nyuma. Neno moja, ng'ambo moja likawa hifadhi, ng'ambo ya pili likawa mzigo.

Asili ya neno ni jamaa, watu wa mkusanyiko mmoja, na jamaa hakusanywi kwa fimbo. Wanafunzi wa Ithaca, waliolipata neno hili kwa mbali na pasipo dola ya kulisimamia, walibaki na kile ambacho sisi tuliokuwa nalo nyumbani tulikaribia kukipoteza: uhuru wa mtu kugonga hodi mwenyewe. Tusione haya kujifunza maana ya neno letu kwa waliolikopa.